Mama mkwe kazima redio, lakini umeme unaisha upesi zaidi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama inawezekana nijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ambayo mama mkwe wangu amesema anaondoka kwangu kwenda kwa wifi yangu, na anaondoka kwa ajili ya redio, na mimi hata sasa ninapoandika sijui kama nilimkosea au nilikuwa na haki yangu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, mume wangu ni mpaka rangi, tuna watoto wawili, na nyumba yetu ni ya vyumba vitatu ambayo haina makuu. Kwa miaka yote yuniti thelathini za umeme zilikuwa zinatupeleka wiki mbili bila wasiwasi, mpaka miezi miwili iliyopita, mama mkwe alipokuja kukaa nasi kwa sababu macho yake yamefanya ukungu na hawezi tena kuishi peke yake, na tangu siku hizo yuniti zilezile thelathini zikawa zinaisha siku ya kumi, mita inaanza kupiga kelele watoto wakiwa katikati ya kazi zao za shule, na mume wangu ananiangalia mimi kama vile naunywa.

Sasa mimi si mtu wa kusingizia watu, mshauri, mimi napima. Nina daftari langu la vipimo vya wateja, nikalifungua nyuma, nikaandika kila kitu cha umeme kilichomo ndani na muda kinaowaka kwa siku, wiki nzima bila kuruka. Taa ya ukumbini, saa tano. Televisheni, saa tano. Birika la umeme, dakika tano asubuhi, tano mchana, tano jioni, si kitu. Pasi, saa mbili, kwa sababu miezi hii miwili nanyooshea nyumbani, ile pasi ya mkaa ya kibandani ninakoshonea ilirusha cheche ikatoboa shati la mteja. Friji sikuliandika maana ni la miaka yote. Na redio ya mama mkwe, saa kumi na nne. Nikarudia kuhesabu, nikapata kumi na nne zilezile, anaiwasha akiamka na kuizima akilala.

Basi siku moja tukiwa mezani wote nikaleta lile daftari nikasoma, na nilisoma kwa heshima, nikasema, "Mama, samahani, ila redio yako ndiyo imeongoza." Mama alimaliza kula, akaenda kuichomoa mwenyewe, akaukunja waya vizuri, akaifunga redio kwenye kitambaa na kuiweka ndani ya begi lake. Kesho yake akaniambia, "Basi nipe hizo sketi nikunyooshee, nisikae bure." Maana alikuwa dobi maisha yake yote, na marinda anayapanga kwa vidole, moja baada ya jingine, polepole, wala hahitaji kuona. Nami sitakuficha, nilifurahi, nikasema kumbe ametulia, na sketi zinatoka zimenyooka kuliko nikizinyoosha mimi.

Lakini hapo ndipo nilipochanganyikiwa, mshauri. Tangu redio izimwe yuniti thelathini hazifiki tena siku kumi, zinaishia siku ya saba au ya nane! Nimegeuza kichwa huku na huku, nimemwuliza jirani kama anatuibia umeme na sasa hatusalimiani, nimefikiria mita ni mbovu, nimefikiria labda mama anaiwasha redio kwa siri tukitoka, nikaenda kuigusa kama ina joto nikaikuta ya baridi kwenye begi, na begi lenyewe limeshapangwa nguo. Daftari nilikuwa nimelifunga kwa sababu mkosaji ameshapatikana, sasa sijui nilifungue tena nimwandike nani.

Na kuna jambo jingine, pengine halihusiani. Mama siku hizi anauliza saa kila wakati. Saa ya ukutani haioni, na zamani alikuwa anajua wakati kwa taarifa ya habari, dawa zake za presha anameza baada ya habari ya mchana. Juzi nimerudi nimekuta hajameza, ananiambia alidhani bado ni asubuhi. Mume wangu alisikia, akaniambia neno moja tu. Alisema, "Huo umeme unaoutunza, mama akiondoka tutamwashia nani?"

Mshauri, roho inanisuta lakini hesabu inaniambia sikukosea. Nizime kitu gani tena? Friji? Na nimzuieje mama asiondoke? Nimeshika tama.

Ni mimi, Fundi wa Sare.

JIBU

Fundi wa Sare, pole, na sasa kaa chini nikuseme.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamwita fundi umeme anayetutengenezea hapa ofisini nikamsomea na yeye. Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshafika pale pa dawa.

Nikuulize swali la kazi yako. Mteja akikuletea urefu peke yake, bila kiuno wala kifua, unakata kitambaa? Hukati. Basi umeme nao una vipimo viwili, na wewe umechukua kimoja. Umeandika saa, hukuandika wati, yaani kila chombo kinavuta kwa nguvu kiasi gani. Geuza chombo chochote chini au nyuma, kuna kikaratasi au maandishi yaliyochongwa, utaiona namba na herufi W pembeni yake. Zidisha namba hiyo kwa saa zako. Ukifika elfu moja, hiyo ni yuniti moja imekwenda.

Fundi wetu anasema redio ndogo kama hiyo huwa na wati nane hivi. Mara saa kumi na nne, ni mia moja na kumi na mbili. Maana yake mama mkwe wako anasikiliza redio kutwa, na inamchukua siku tisa kumaliza yuniti moja. Televisheni yenu, tuseme wati sitini, kwa saa tano inafika mia tatu, karibu mara tatu ya redio, na hiyo hukuisomea mashitaka mezani.

Sasa njoo kwenye pasi, ambayo uliiandika kwa haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Pasi ni wati elfu moja, pengine na zaidi. Kila kinachotengeneza joto ni mlafi, kumbuka hilo hata ukisahau mengine yote. Ikishapata moto inajizima na kujiwasha, kwa hiyo tuhesabu nusu ya muda. Saa zako mbili ni yuniti moja kila siku. Na birika lako ambalo "si kitu", lina wati kama elfu mbili, zile dakika tano mara tatu ni nusu yuniti. Redio ingeimba siku nne kwa hizo chai zako za siku moja.

Miezi miwili iliyopita waliingia wageni wawili nyumbani kwako, mama mkwe na pasi, ukamshuku mwenye miguu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe kimekaa juu ya sketi za marinda kabisa.

Kwa nini basi umeme unaisha upesi zaidi tangu redio izimwe? Umelijibu mwenyewe. Mama wa watu ulimwonyesha kwamba ni mzigo, akatafuta namna ya kufaa. Anakunyooshea kwa vidole, rinda moja baada ya jingine, polepole, na pasi iko kwenye umeme muda wote huo. Saa mbili bila shaka zimekuwa nne. Ile yuniti moja imekuwa mbili. Yuniti mbili hizo, kwa siku moja, zingemchezea redio siku kumi na nane. Kosa si lake hata kidogo. Yeye anakusaidia, na wewe ulikuwa unapapasa begi lake.

Na hilo la kuuliza saa unasema pengine halihusiani. Linahusiana. Ile haikuwa starehe, ilikuwa saa yake, na ilikuwa sauti ya mtu ndani ya nyumba ambayo nyote mnaiacha asubuhi. Umenikasirisha hapo, sitakuficha.

Fanya hivi. Friji liache lilivyo, ila hakikisha mpira wa mlango umeshika. Birika tia maji ya vikombe mnavyokunywa, si kulijaza mpaka shingoni. Sketi zikusanye, zinyooshwe siku mbili kwa wiki, zote kwa pamoja. Mama apange marinda kwa vidole na kuyabana kwa pini pasi ikiwa imezimwa, kisha wewe mwenye macho ndiye uipitishe. Kazi ya dobi na kazi ya fundi, kila mmoja na yake. Kwa jirani nenda leo, umsalimie kwanza.

Lakini hayo yote ni baada. Kabla ya Jumamosi, leo jioni, kaeni mezani walewale mliokuwepo siku ile, maana mtu aliyeaibishwa mbele ya watu haombwi radhi jikoni. Daftari liache kibandani. Usimweleze wati, usimweleze mahesabu, atayasikia siku nyingine na atakucheka akitaka. Mwambie, "Mama, nilikosea, nisamehe," halafu unyamaze. Akikubali, mwombe ruhusa ufungue begi, uitoe redio, uukunjue waya na kuichomeka mwenyewe, pale pale ilipokuwa.

Kuiwasha mwachie yeye. Stesheni anaijua.