Esi na Kingi Mbele ya Baba

Shemeji mpendwa,

Ejok. Najua huko mliko watu wakikutana huulizana kuhusu baridi, lakini mimi bado niko Lodwar na nitakusalimu kama tulivyozoea. Akiru aliniambia kwa simu kwamba theluji imefika magotini na kwamba umeshona koti lenye koti lingine ndani yake. Dada yangu huongeza chumvi tangu utotoni, ila hilo nililiamini.

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi iliyopita nilipata esi na kingi kwenye karata, nikashindwa na mtu aliyeshika nne na sita. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na katikati ya hasira nikagundua ninachotaka ni wewe uwe pale, useme lile neno lako la kuudhi, ukiniita shemeji kwa Kifaransa chenu: "Bofrere, nilikuambia."

Unakumbuka nilivyokufahamu? Nilikuwa nikitengeneza pikipiki kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, karibu na kibanda chako cha kushona. Mchana jua likikataza watu kufanya kazi, ulikuwa unafunika cherehani kwa kitambaa, unatoa karata. Ulijifunza mchezo huo kwenu Kongo, kwa wapishi wa hoteli uliyokuwa ukiishonea sare. Ukatufundisha mimi na Mama Nyandeng, yule mama wa Sudan Kusini aliyeuza chai mlango wa pili. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Halafu tano zinafunuliwa mezani, kwanza tatu, kisha moja, kisha moja, na kila hatua unaweka vifuniko vya soda kumfuata mwenzako, unapandisha kwa kuongeza kiasi hichohicho, au unatupa karata zako. Kiasi kilikuwa vifuniko viwili mwanzoni, vinne baadaye, na mwisho anashinda mwenye jozi bora, za mkononi zikichanganywa na za mezani. Mshindi wa siku alipewa andazi kubwa kuliko yote ya Mama Nyandeng.

Tatizo langu lilianzia hapo. Kwa vifuniko viwili, hakuna mtu wa Kakuma anayekubali kutoka. Mimi nikipata esi na kingi nilijiona nimeshashinda, napandisha, na wote wananifuata na takataka zao. Mezani zinatoka tano, nane, tisa, hakuna hata moja inayonihusu, na mimi bado naweka vifuniko. Mama Nyandeng anafunua jozi ya tano, anasema "kalas," yaani imekwisha, anakula andazi lake mwenyewe.

"Bofrere," ulikuwa unaniambia, "esi na kingi ni wachumba. Hawajaoana. Mwanzo pandisha, ndiyo, juu karata zako ni nzuri. Lakini kama mezani hakutoki esi ao kingi, na watu iko wengi, tupa. Usingoje harusi yenye haiko."

Nilicheka kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa mchumba. Ulikuwa unamtaka dada yangu, aliyefundisha chekechea pale kambini, na baba hakutaka hata kusikia jina lako. "Mtu wa cherehani," alisema. "Mbuzi wake wanakula wapi? Kwenye uzi?" Wewe hukuweza kufika Lodwar bila kibali cha kutoka kambini, na kibali hakikupatikana. Kwa hiyo baba akapanda pikapu, akaja Kakuma mwenyewe, kwa nia moja tu ya kumrudisha Akiru nyumbani.

Alitukuta kibandani kwako, karata mkononi. Nilitamani mchanga unimeze. Baba aliketi kwenye kigoda chake alichokuja nacho, akakuangalia kuanzia viatu, kisha akauliza, "Hii ni nini mnafanya?"

Ungeweza kuzificha. Ukamwambia, "Papa, ni mchezo. Kaa hapa kivulini, nitakuonyesha."

Shemeji, nimewahi kuona watu wakifundishwa kuogelea na kuendesha pikipiki, lakini sijawahi kuona mtu akikubali kitu upesi kama baba alivyokubali karata. Hakutupa hata mara moja. Kwake karata ni kama mifugo, ukipewa mbili unazichunga zote mbili mpaka jioni. Alifuata kila kitu, hakupandisha kamwe, na alikuwa anashinda kwa vitu vya aibu. Alirudi Jumamosi ya pili akisema amekuja kumchukua Akiru. Akarudi ya tatu akisema vilevile. Akiru alikuwa amefunga nguo zake kwenye mkoba, akazifungua, akazifunga tena, mpaka akaniuliza, "Ekai, baba amekuja kunichukua mimi au andazi?"

Lakini Jumamosi hiyo ya tatu baba alikuwa amekuja na jibu. Aliniambia kando kwamba pikapu inaondoka saa kumi, na Akiru ataipanda. Wewe ulijua. Nilikuona ukigawa karata na vidole vyako, vinavyotia uzi kwenye sindano bila kutazama, vikiangusha karata chini.

Ulipata esi na kingi. Hatukujua wakati huo. Ulipandisha, sote tukafuata. Mezani zikatoka esi, saba na mbili. Wachumba wako walikuwa wameoana. Uliweka vifuniko viwili. Mama Nyandeng alitupa, akaenda kuangalia chai. Mimi nilikuwa na kingi na kwini, yaani sikuwa na kitu, nikafuata kwa sababu zilikuwa na sura nzuri. Baba akafuata. Ikatoka tisa. Ukaweka vinne.

Baba alitoa ugoro, akanusa, akafuta pua taratibu. Kisha akasukuma vifuniko vinane. Alikuwa amepandisha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajifunze.

Ulizitazama karata zako muda mrefu. Ukazitupa.

Mimi nikabaki mpaka karata ya tano, ndipo nikatupa, na tusiongelee hilo. Baba akakusanya vifuniko, lakini hakuonyesha furaha. Alikukazia macho. "Funua," alisema. Ukafunua. Alipoona esi na kingi uso ukabadilika. "Wewe nahurumia mimi? Wewe nataka kununua msichana yangu na vifuniko?"

Nilijua ukijibu vibaya hakuna tena wa kuniita bofrere.

"Hapana, Papa," ulisema. Sauti yako haikuwa na sukari. "Ningekuwa nakuhurumia ningetupa mapema. Wewe tangu siku ya kwanza haukupandishaka. Leo umepandisha. Esi yangu ilikuwa nzuri pale mwanzo. Sasa hivi si nzuri tena. Nifanye nini, niishike tu juu ya uzuri wake?"

Baba alifunua zake. Saba na mbili. Jozi mbili, zinazoipiga jozi yako moja ya esi, shemeji, kwa karata ambazo mtu mwenye akili hata hazitazami mara mbili.

Mama Nyandeng aliporudi na chai, baba akaipokea. Kisha akaanza kukusimulia jambo ambalo mimi mwanawe sikuwahi kusimuliwa. Kabla ya ule ukame mkubwa alikuwa na dume jeupe la ng'ombe, lenye nundu iliyoonekana toka mbali. Wanunuzi walikuja mara tatu, nyasi zikiwa bado zipo. Akakataa, kwa sababu lilikuwa zuri mno kuuzwa. Likafa limeegemea mti, na waliobaki wakalifuata.

"Huyu najua kuacha," baba aliniambia, akikuonyesha kwa kidevu kama vile hukuwepo. "Wewe hujui. Mimi pia sikujua." Akanywa chai yote. Pikapu ilipopiga honi alipanda peke yake, akatoa kichwa dirishani akakwambia, "Mbuzi bado nataka. Lakini si leo."

Uliingia kibandani, ukaketi mbele ya cherehani, ukashona mguu wa suruali mpaka ukaliziba tundu la kupitishia mguu. Nilikuona.

Sasa mmeoana na mko mbali, na baba hucheza nami hapa Lodwar kila wiki. Hakumpata mwingine wa kumheshimu mezani. Mara nyingine anaacha kugawa karata, na najua anaifikiria sauti yako, ila hatakubali.

Na mimi nimepata mchumba, shemeji. Anaitwa Atabo, wa Lorugum. Baba yake ni mchungaji wa kanisa, na mbuzi anao pia. Nilienda kujitambulisha. Swali lake la kwanza: "Kijana, unacheza kamari?"

Nilifikiria kudanganya. Nikamwambia nacheza karata na mzee wangu, kwa vifuniko, na kila wiki ananishinda.

Aligeuka, akawatazama mbuzi wake wakicheua. "Anakushinda kila wiki, na bado unarudi kukaa naye?"

"Ndiyo, Mchungaji."

"Mlete Jumapili baada ya ibada. Mzee kama huyo nataka kumwona."

Leo baba amepiga pasi lile shati ulilomshonea kabla hamjasafiri. Nimelipekua, nikakuta pakiti ya karata. Sasa najua kwa nini alikuomba mfuko wa ndani, na kwa nini alisisitiza uwe na kifungo.

Mbusu Akiru na mtoto. Mtuombee Jumapili hiyo.

Ni mimi, bofrere wako niliyebaki na mzee,
Ekai