Mistari Yako Ukutani

Tororo, Agosti 1934

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, ila mikono imekauka kwa chokaa. Macho yako yanaendeleaje? Na wewe kaka Okware, unayemsomea mama huko Busia, soma polepole, usiruke maneno kama unavyoruka sala.

Mama, umeniuliza tena kama nyumba yako ya Nabuyoga ingali imesimama, ili urudi mtama ukiiva. Nitakujibu, lakini nivumilie kwanza.

Bado nawachotea maji mafundi wa msikiti mpya. Jengo hili linanifanya niote nikiwa macho. Asubuhi ukungu ukishuka kutoka kwenye mwamba wa Tororo, kuta zinapotea, inabaki kuba nyeupe peke yake, imeelea. Abiria wa treni hutoa vichwa madirishani kuitazama. Ndani kuna ubaridi, na ukisema neno linakurudia taratibu, hata nasahau kwamba nina ndoo kichwani.

Jumatatu mafundi walikwenda kula, wakatuacha wanawake na ukuta wa kibla, chokaa ikiwa bado mbichi. Unajua kwetu mwanamke haachi ukuta mbichi mtupu bila kuuchora. Vidole vyangu vikaenda vyenyewe. Fundi Zaidi, mkubwa wao, aliporudi, nilijua kazi sina tena. Aliusogelea ukuta, akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia ni mama yangu, na kwamba sisi ni Wakristo. Akasema haoni humo mtu wala mnyama, ni mistari tu inayofuatana kama maji, basi iachwe ikauke. Wenzangu walinitania kwamba vidole vyangu vimesilimu.

Sasa nikujibu. Jumapili, siku moja kabla ya hayo, nilikwenda Nabuyoga. Mama, nyumba haipo. Mchwa walikula nguzo, mvua ikaimaliza. Kilibaki kipande cha ukuta wa chumba chako, na juu yake mistari yako. Nilikaa pale nikalia, nikaifuata kwa kidole hadi ilipokatika. Ndiyo hiyo niliyoichora msikitini.

Nimemweleza Fundi Zaidi habari za macho yako. Amesema uje kabla hawajafungua rasmi. Utavua viatu mlangoni, nitakushika mkono hadi ukutani, kisha nitakuachia uupapase mwenyewe. Pale mistari ilipokatika nimekuachia nafasi. Uniambie ilikuwa inaendaje.

Msalimie wifi yangu na watoto. Kitanda chako nimeshakitandika hapa kwangu.

Mimi mwanao,
Asekenye