Chai Yenye Chumvi

Jumatatu, 2 Februari 1959

Maji, kuni, kukamua. Chai imeharibika tena. Chumvi tupu. Mama anashikilia kuwa natia chumvi nikidhani ni sukari, eti akili yangu iko Nakuru kwa Yona. Kweli iko huko, lakini mikono yangu inajua inachoshika. Jumamosi wazazi wa Yona wanatoka Subukia kuja kuniposa. Mama yake hajawahi kuniona. Nitampa chai hii?

Jumanne, 3 Februari

Nimeonja maji ya mto yenyewe, bila majani, bila maziwa. Chumvi. Nimempa Mama naye aonje. Ametema chini. Nimefurahi mno.

Jumatano, 4 Februari

Nimepanda na mto nikionja kila kona. Juu ya kivuko nimemkuta Mzee Kibet, mnunuzi wa ngozi, akisuuza ngozi zilizolazwa kwenye chumvi. Humo humo mtoni. Nimemfokea, mimi, yeye mtu wa rika la baba yangu. Hakukasirika. "Pole, msichana. Mto ukiwa umejaa, chumvi ilikuwa inabebwa yote. Sasa ni kiangazi." Ameahidi kuchimba shimo kando, mbali na maji. Nimerudi nikiimba.

Ijumaa, 6 Februari

Chumvi imepungua. Haijaisha. Nimepanda tena, nikapita shimo jipya la Kibet, hadi kwenye majabali. Kuna maji moto yanatoka chini na kuingia mtoni. Kando yake pote ukoko mweupe wa magadi. Mawe nitayafokea vipi? Mvua nayo haipo. Nimelia kidogo, nikaosha vikombe.

Jumamosi, 7 Februari

Wamekuja! Na ng'ombe wawili wa kwanza wa mahari. Mama Yona alionja chai, akaniangalia. Nilitaka kuzama ardhini. Mara kelele kutoka kivukoni: ng'ombe wamefika mtoni, wanakunywa, hawataki kutoka. Wanaume wanasukuma, wanavuta mikia, wapi. Baba Yona alicheka mpaka akakaa chini. Kwake hununua chumvi ya mifugo, huku mto unagawa bure. Mama Yona akamaliza kikombe, akaomba kingine. "Ng'ombe wameshakubali," akasema, "mimi nitakataaje?" Nimevunja sahani kwa furaha. Mama ameokota vipande mwenyewe.

Jumanne, 24 Machi

Mvua wiki nzima. Mto umejaa, chumvi haisikiki. Baba amekunywa chai, akauliza imekosa nini.

Mama Yona ametuma salamu. Nikienda kwao baada ya Pasaka, nibebe ule ukoko mweupe. Wa ng'ombe, na kidogo wa sufuria ya chai. Nimejaza mfuko mmoja. Nimeuweka pamoja na nguo zangu.