Mama wa Bondeni Yuko Hewani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeanza kusoma ukiwa umesimama, miwani ikining'inia puani, kwa hiyo nakuomba ukae kwanza. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeirudisha kabatini kwa sababu ya harufu yake? Na jirani yako fundi cherehani, bado anakuja kuomba chumvi kisha anasahau kuondoka? Mimi Kasuku wako ni mzima wa mwili, nakula, nalala kidogo. Tatizo liko moyoni tu.

Utashangaa kuona barua ilhali juzi tu tuliongea kwa simu, ukacheka mpaka ukaishiwa pumzi. Kuna neno nilitaka kukuambia siku ile, nikakata simu kabla ya kulisema, na tangu hapo situlii. Nimeandika mistari miwili nikainuka kwenda dirishani. Nimerudi, nikainuka tena kwenda kuzima jiko ambalo hata sikuwa nimeliwasha. Na muda nao haunisubiri. Jumamosi mdogo wangu anapanda ndege kwenda kufanya kazi ya uuguzi ughaibuni, na mlango wako bado umefungwa kwake tangu ulipomwambia asikanyage kwako mpaka aache mgomo na kurudi kwa wagonjwa. Sikuandikii kumtetea, ana mdomo wake. Nakuandikia habari zangu mimi.

Wewe huwaambia majirani kwamba mwanao mkubwa yuko kwenye televisheni, nao hukodoa macho wasinione. Ukweli ni kwamba kazi yangu ni kupokea simu. Katika Kauli ya Jioni, kile kipindi ambacho hata mgeni akiingia unamwashiria akae kimya, mtangazaji akisema simu ziko wazi, zote huingia kwangu. Namuuliza mpigaji jina lake, yuko wapi, na anataka kusema nini. Hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Anayetaka kuisifu serikali nampitisha moja kwa moja mpaka hewani. Anayetaka kulalamika namwambia kwa adabu zote asubiri kidogo, namwekea muziki, naye husubiri mpaka salio limwishie au kipindi kiishe. Wapo waliosubiri mara nyingi hadi wanaweza kuuimba muziki wenyewe.

Usinune mama, bado hujasikia kitu. Mhariri wetu mkuu tunamwita Pasi, kwa sababu habari ikimfikia na mikunjo yake, lazima ainyooshe. Kiongozi wa upinzani ana picha moja tu ofisini kwetu, na kwenye hiyo picha anapiga chafya. Mikutano yake huwa tunaipiga picha asubuhi, viti ndiyo kwanza vinashushwa kwenye lori. Mikutano ya chama tawala ikikosa watu, tunaazima umati wa mwaka uliopita. Siku moja ripota wetu alikuwa amesimama juani anapangusa jasho, akitangaza kwamba watu wamefurika nyuma yake, na watu wenyewe kwenye picha wamejifunika miamvuli, mvua inawanyeshea. Wala usidhani ile stesheni anayotazama fundi ni afadhali. Wao wanamkaanga samaki yuleyule upande wa pili, na kwao ni mawaziri wanaopiga chafya. Tulikuwa tukicheka haya jikoni kwenye chai, tunacheka hasa, kisha kila mtu anarudi mahali pake kuendelea kuyafanya.

Sasa nije kwenye ile siku. Ulichokiona wewe ni hiki: mtangazaji wetu, Bwana Tai, amekaa kitini kwake na tai yake nyekundu. Hewani yuko Mama wa Bondeni, yule mpigaji wako unayempenda, mkulima mjane mwenye busara zake. Chini ya kioo kumeandikwa kwa herufi kubwa MAMA WA BONDENI, KWA SIMU KUTOKA SHAMBANI. Alikuwa anaeleza jinsi mahindi yalivyostawi mwaka huu na jinsi anavyosikia ndege wakiimba pale alipo. Mara king'ora cha moto kikalia. Hapakuwa na moto wowote. Mpambaji wetu alisahau mkate kwenye mashine ya kuchomea akaenda kumpaka mtu poda. Lakini nani angejua? King'ora kililia studio, na kikalia vilevile ndani ya simu ya Mama wa Bondeni. Bwana Tai, ambaye mdomo wake huwa umeshatoka nyumbani akili bado inatafuta viatu, akamuuliza kama huko shambani nako kuna moto. Mama wa Bondeni akajibu kwamba hapana, huyo ni jogoo wake.

Hapo Bwana Tai akainuka kukimbia, na alipogeuka nchi nzima ikaona vibanio vya kuanikia nguo vimepangwa mgongoni kwake kama mbavu, vikilibana koti ili kwa mbele limkae vizuri. Nyuma yake nikapita mimi, na ile blauzi ya njano uliyonishonea, simu sikioni, mbio kuelekea mlango wa dharura. Nikajikwaa kwenye waya, kiatu kikachomoka, nikarudi kukiokota. Simu sikuishusha. Na wakati wote huo sauti ya Mama wa Bondeni ilikuwa inasikika ikihema, ikisema kwamba wakulima wako imara na hawababaishwi na mtu.

Ukanipigia simu ukicheka, ukasema hatimaye mwanao ameonekana, ingawa bila kiatu kimoja. Ukasema fundi amecheka mpaka akalala chini, ukadhani anacheka vibanio. Kisha sauti yako ikabadilika. Ukaniuliza kama Mama wa Bondeni yuko salama, maana king'ora ulikisikia hata upande wake, na yule ni mjane, nani atamsaidia? Ukaniomba nimtafutie namba yake. Ulitaka kumshukuru kwa kukupa nguvu ya kumnyoosha mwanao. Nikasema nitaangalia, nikakata simu, nikazunguka chumba kama kuku anayetafutiwa kisu.

Ningeweza kuliacha lipite. Wewe una simu ya batani, hivi vichekesho vya king'ora na jogoo vinavyosambazwa mitandaoni havikufikii. Lakini jana jioni Bwana Tai alitangaza kwa uso mkavu kwamba mfanyakazi aliyeonekana akikimbia alikuwa akiongea na mama yake mzazi, na kwamba simu ya Mama wa Bondeni ilitoka Bondeni. Lazima ulimsikia. Na lazima ulijiuliza, kwa sababu unajua fika kwamba saa ile hukuwa na simu mkononi, ulikuwa na kikombe cha chai na macho kwenye kioo. Waliponiingiza mimi kwenye uongo wao nilinyamaza, ndio mshahara wangu. Walipokuingiza wewe, nikatafuta kalamu.

Mama, hakuna Mama wa Bondeni. Ni mimi. Nilikuwa stoo ya karatasi, mlango nimeufunga, maboksi yamenizunguka, na njia ya kutokea ni kupita studio, nyuma ya kiti cha Bwana Tai. Ilianza jioni moja ambapo kila mpigaji alikuwa na malalamiko, sina wa kumpitisha. Pasi akaniambia kipindi hakiwezi kwenda bila mtu mwenye akili timamu, na kama hayupo basi atafutwe. Alikuwa ananitazama mimi. Nikaingia stoo, nikapiga. Siku ya pili akanipa mambo ya kusema kwenye kikaratasi. Baadaye hata kikaratasi hakikuhitajika.

Na sauti ile, mama, ni yako. Unakumbuka kwa nini mliniita Kasuku. Nilikuwa namwigiza shangazi mpaka mwenyewe anaitika. Nilipofika stoo nikiwa na simu mkononi nilijiuliza ni nani ambaye nikimsikia siwezi kumbishia, nikakupata wewe. Nikakohoa kidogo kabla ya kusema neno zito, kama unavyokohoa. Nikaanza na sikilizeni niwaambie. Nikatumia methali zako, na ule mcheko wako mfupi wa puani. Uliwahi kuniambia kwamba yule mama anaongea kama mtu wa nyumbani, kwamba maneno yake yanakuingia kuliko ya kasisi na shehe. Yatakosaje kukuingia? Ulikuwa unajisikiliza mwenyewe.

Nisikudanganye, nilipenda. Wewe unanijua, mtu wa kupokea simu za wenzake, anayesema subiri kidogo kutwa nzima. Nikiwa Mama wa Bondeni watu walinisikiliza. Madereva waliongeza sauti ya redio zao, maana kipindi hurushwa redioni pia. Nilitoka stoo nikiona aibu, lakini na kifua nacho kimetanuka.

Halafu wauguzi wakagoma. Mdogo wangu alikuwa amenieleza yote, kwamba wanawazalisha akina mama kwa mikono mitupu kwa kuwa glavu zimekwisha, kwamba wodini watoto wanalala wanne kitanda kimoja. Alinieleza akiwa amekaa kwenye sofa langu, mikono imemchubuka kwa sabuni kali. Nilijua, mama. Jioni ile Pasi akataka Mama wa Bondeni awaseme wauguzi, nami nikaingia stoo nikawasema. Nikasema wametumwa. Nikasema, nikakohoa kwanza, kwamba mwanangu mimi angegoma na kuacha wagonjwa ningemfungia mlango, hata abishe mpaka mikono iote sugu, nisingemfungulia.

Siku chache baadaye kitinda mimba wako alikuja kwangu na begi. Akasema amegonga kwako na ukamjibu kutoka ndani, bila kufungua. Nikamuuliza ulisema nini. Akanirudia neno kwa neno, mpaka hilo la sugu. Akaniuliza mama ameyatoa wapi maneno kama yale, maana hajawahi kumsikia hivyo. Nikamwambia ale kwanza, chakula kinapoa. Tangu siku ile analala sofani kwangu, anaomba kazi za nje, na mimi kila jioni nilikuwa naenda kazini kusema kwa sauti ya mama yake. Hata alipopata hiyo kazi ya ughaibuni aliuliza kwanza kama nadhani utamruhusu kuja kukuaga. Nilimwambia tutaona.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Pasi nikamwambia siingii tena stoo. Nilitegemea afoke. Hakufoka. Akasema Mama wa Bondeni hana budi kupiga simu kesho, la sivyo watu wataamini ule uzushi wa king'ora, na kwamba karani wake tayari anafanya mazoezi kwa kunisikiliza kwenye rekodi. Nikamsikia kupitia ukuta, mama. Anakohoa kabla ya neno zito. Kwa hiyo kesho jioni ukiwasha televisheni utaisikia sauti yako tena, imetoka kwako ikapita kwangu ikafika kwa mtu ambaye hajawahi kukuona. Kazi nimeiacha palepale, na hilo silo linalonikosesha usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba siwezi kuirudisha sauti yako.

Sikukupigia simu kwa sababu hiyo. Ningesema nini, na kwa sauti ya nani? Ukinikasirikia utakuwa na haki, na ukikaa bila kunisemesha hadi mwakani nitavumilia. Nakuomba tu usinikasirikie leo. Leo kuna jambo lingine.

Barua hii ameileta yeye, kitinda mimba wako. Nimemwomba asigonge mlango wako, aikabidhi kwa fundi, kisha akae pale kibarazani asubiri jibu. Hajui kilichoandikwa humu. Hilo nitamwambia mwenyewe, kabla ya Jumamosi, akiwa ameketi kwenye lile sofa. Ameshika begi dogo, na shati alilovaa sikumpigia pasi vizuri, utanisamehe. Jibu lenyewe si la kuandika. Mlango wako niliufunga mimi, kwa sauti yako, na kwa sauti yangu siwezi kuufungua. Mwite tu kwa jina lake. Kibaraza cha fundi si mbali, atakusikia, na safari hii atajua ni wewe.

Msalimie fundi na umwambie nimemsikia alivyocheka. Chua goti.

Ni mimi mwanao, kifungua mimba wako,

Kasuku