Barafiki ba mu Telefone

Kampemba, 19 Juni 2025

Nkambo wangu Laurent,

Jambo sana. Magoti iko namna gani na hii baridi? Siye huku tuko bazima, mama Wivine anakusalimia. Barua hii ninaitia mu mikono ya Jeannot, anakuja Lukafu na camion kuchukua mahindi.

Uliuliza masomo yangu iko wapi, juu mama alikuambia iko "en ligne" na haukuelewa. Iko mu telefone, Nkambo. Asubuhi tunafungua, mwalimu Alexis anasoma Biblia, kila mutoto anaomba kwa zamu, kisha hesabu na Kifaransa. Bamoja bako Likasi, bengine Kolwezi. Hakuna mwenye alishaniona nikianguka. Nikisikia kifafa inakuja, ninazima picha tu. Banafikiri ni réseau ya telefone imekatika.

Rafiki yangu anaitwa Plamedie, anakaa Kamalondo. Kila siku tunaandikiana mpaka telefone inazimika. Lakini sasa mwalimu amesema mwaka tutaumaliza na karamu: bale ba Lubumbashi bote tukutane mu lupango, mu uwanja ya nyumba ya kwabo Plamedie, bengine batatuangalia ku écran, kile kioo ya picha. Bote banafurahi. Mimi ninatamani kuenda na ninaogopa kuenda, vyote pamoja. Nifanye nini?

Mujukuu wako,
Chama


Lukafu, 25 Juni 2025

Mujukuu wangu Chama,

Barua imefika, asante. Magoti ni yale yale, lakini jembe ningali ninashika. Mama yako ameacha kukohoa?

Nimesoma barua yako, nikamusomea na jirani Mutale. Bote babili hatukuelewa. Masomo bila mulango, mwenye kuchelewa anabaki inje ya nini? Na mukiomba kila muntu mu nyumba yake, "Amina" munaitika pamoja namna gani? Usinicheke. Mimi nilikuwa muntu wa reli, nilizoea kitu chenye kufika.

Juu ya karamu, nilitaka kukuambia ubakie nyumbani. Nilikuwepo siku batoto ba masomo yako ya zamani balipokukimbia, nikakubeba mu mukongo. Kisha nikafikiri, huyu mutoto atajificha mpaka lini? Basi na mimi sijui. Ukienda, umwambie mapema muntu mumoja pale.

Nkambo yako,
Laurent


Kampemba, 7 Julai 2025

Nkambo wangu,

Ninatumaini hii barua inakukuta muzima. Mama hakohoi tena. Mimi mwili iko muzima, ni kichwa ndiyo imechanganyikiwa.

Nilienda, mama akanisindikiza. Sikumwambia muntu juu ya kifafa. Plamedie alikuja ku mulango, murefu kuliko nilivyofikiri, tukapeana mikono kama bamama ba kanisa. Tukakaa ku banc moja na tukakosa ya kusema. Yeye mwenye ninamwambia yote! Nikatoa telefone, nikamwandikia: "Ni wewe kweli?" Naye, pale pembeni yangu, akajibu: "Sijui. Na wewe?" Tukacheka, ikawa rahisi kidogo.

Kisha balituita kuimba pamoja na bale ba ku écran. Sauti za Kolwezi zilikuwa zinafika nyuma ya zetu, mwalimu anapiga mikono, hakuna mwenye alijua tuko wapi mu wimbo. Hapo nikasikia inakuja. Na pale hakukuwa bouton ya kuzima.

Nilipoamka nilikuwa nimelala chini, kwa ubavu, kitenge ya mama chini ya kichwa. Mwalimu alikuwa anaomba. Écran ilikuwa nyeusi. Mama anasema courant ya umeme ilikatika, sijui kama ni kweli ao ni bale benyewe balifunga. Plamedie alikuwa amesimama mbali, ku ukuta.

Tangu siku ile hajaandika. Nilimutumia "Jambo". Aliisoma, hakujibu. Nkambo, yule mwenye alikuwa ananiandikia na yule wa ku ukuta, ni muntu mumoja?

Mujukuu wako,
Chama


Lukafu, 14 Julai 2025

Chama wangu,

Pole, mutoto. Dawa unameza?

Huyo Plamedie simujui, siwezi kumusemea. Nilitaka kupanda camion nije, magoti yamekataa. Ninakutumia kalanga na asali kidogo. Uniandikie hata kama hakuna habari.

Nkambo yako,
Laurent


Kampemba, 20 Julai 2025

Nkambo wangu,

Asante kwa mizigo, vyote vilifika. Dawa ninameza, mama anasimama pale mpaka nimeze.

Jana mchana muntu aligonga. Plamedie. Alitembea toka Kamalondo kwa miguu, viatu vumbi tupu. Akasema:

"Nilikuwa ninaandika, ninafuta, ninaanza tena. Sikujua ya kuandika. Ndiyo nikakuja."

Nilimuuliza kama aliogopa siku ile. Akasema ndiyo, sana, na angali anaogopa. Nilidhani ataaga. Lakini aliuliza, ikija tena naye akiwa karibu, anishike wapi. Nikamwambia asinishike kwa nguvu. Anilalishe kwa ubavu, aweke kitu laini chini ya kichwa, angoje. Hakuelewa ni ubavu gani, tukabishana. Mwishoni akalala yeye mwenyewe mu vumbi ya lupango ili nimuonyeshe, na mimi nikapiga magoti, nikamugeuza.

Hapo mama akatoka mu nyumba anakimbia. Akaangalia Plamedie, akaniangalia mimi.

"Sasa ni nani ameanguka?"

Tulicheka sana, Nkambo.

Mujukuu wako,
Chama