Mkuki Usiokosa

Jumapili, 4 Mei

Kanisa, kuku, vyombo, mchezo. Saa tisa Weldon alifika na pikipiki yake ya maziwa, Wambui nyuma, wote wawili wameloa chapachapa. Weldon ni binamu yetu wa Kiptere. Wambui ana duka la nguo za watoto pale Roret na ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Nikaweka dadu mezani, nikamwaga maharagwe ya kuhesabia ng'ombe wa mchezo, na Kibet akatoka chumbani.

Hapo ndipo moyo wangu hutulia, Kibet akitoka chumbani. Ndugu yangu alirudi kutoka Nairobi mwaka jana kazi ilipoisha, na tangu siku hiyo hajapita geti. Kijiji kizima kilimchangia karo ya chuo. Anaona haya kukutana na mtu amuulize, siku hizi uko wapi? Kanisani haendi. Kuchuma majani chai haendi. Mchezo wa Jumapili ndio kitu pekee kinachomtoa, na hata huo unamfikisha sebuleni tu.

Kwa hivyo nampendelea. Wacha niandike tu, nani atasoma? Mimi ndiye msimulizi. Nawaambia wako wapi na ni hatari gani iko mbele, wao wanasema wahusika wao wanafanya nini, dadu inaamua kama wameweza. Nyara nagawa mimi. Leo wamelishinda joka la mto. Weldon alipata ngao, Wambui kibuyu cha dawa. Kibet nikampa mkuki usiokosa. Ukiurusha, umepata, hakuna cha dadu. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Krismasi.

Jumatatu, 5 Mei

Kazini Litein. Nimeuza dawa ya kupe kutwa nzima nikiwaza ule mkuki. Ni mkubwa mno. Nilijua wakati nautoa. Lakini alicheka, bana.

Alhamisi, 8 Mei

Mama ameuliza kama ile dadu yetu si kamari. Nikamwambia hakuna pesa. Basi mnashindania nini? Ng'ombe. Ng'ombe gani? Wa maharagwe. Akaniangalia kama mtu aliyepotea njia, akachukua ndoo, akaenda kukamua wa kweli.

Jumapili, 11 Mei

Vibaya. Vibaya kabisa.

Wiki nzima niliandaa pango la Chemosit, lile zimwi la mguu mmoja tulilotishwa nalo tukiwa wadogo. Mitego. Daraja bovu. Ng'ombe wa watu wamefungiwa ndani wanalia. Nilijivunia lile pango. Tukaingia, Kibet akarusha mkuki, Chemosit akaanguka. Kwisha. Chai haikuwa imepoa. Weldon na Wambui hawakuwa wamegusa dadu, na kanuni zangu zinasema aliyeua ndiye huchukua, kwa hivyo maharagwe yote yakaenda upande wa Kibet.

Wambui akauliza, "Na sisi tulikuja kufanya nini? Kumshikia koti?" Weldon akaanza kuangalia simu.

Getini Wambui akaniambia Jumapili ijayo haji. Ati afadhali afungue duka. Na asipokuja yeye, Weldon hatapanda huu mlima peke yake, namjua. Nikawaka. Nikamwambia hana huruma. Akanijibu polepole, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi, "Hata Kibet amechoka, Chepngeno. Wewe umemwangalia kweli?"

Sikuwa nimemwangalia. Nilikuwa naangalia rundo lake la maharagwe.

Jumatano, 14 Mei

Nimetunga kanuni mpya. Mkuki unachoka. Ukirushwa mara moja, unalala mpaka mwezi uandame. Nikajiona nina akili sana. Baada ya ugali nikamweleza Kibet, kwa sauti ya upole, ile ya kuongea na mgonjwa.

Akasema, "Sawa. Chukua tu. Mimi nimezoea vitu kuisha."

Akafunga mlango. Nimesimama pale na sahani yake mkononi kama mjinga. Ni kama nimemfuta kazi mara ya pili. Namuonea huruma mpaka namuumiza. Nani alinipa mimi huu usimulizi?

Ijumaa, 16 Mei

Siku mbili hajatoka ila kwenda choo. Chakula anakula nusu.

Mama alinikuta jikoni nalia juu ya sufuria, akataka kujua nani amekufa. Nikamweleza yote: mkuki, ng'ombe, Wambui, mlango. Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda. Nilitaka kukasirika lakini kicheko cha Mama kinaambukiza.

"Ng'ombe wote boma moja?" akasema. "Ugonjwa ukiingia je? Huyo mtoto alilelewa na nani?"

Akanikumbusha habari za babu, baba yake. Eti babu alikuwa na ng'ombe wengi, lakini ungefika kwake ungemhurumia, boma karibu tupu. Mmoja alikuwa kwa rafiki Fort Ternan, wawili kwa mwingine huko Kiptere, hivyo hivyo. Rafiki anamtunza ng'ombe, anakunywa maziwa. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na mwenyewe lazima aende kumwangalia mara kwa mara. Nyanya alikuwa akilalamika mzee hakai nyumbani, kila siku yuko njiani anatembelea ng'ombe. "Na kila alipopita alikuwa na kwake," Mama akasema.

Alisema kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Chumba cha Kibet kimeshikana na jikoni na ukuta ni wa mbao. Sijui kama alikusudia. Mama huyu, wacha tu.

Nimempigia Wambui nikamwomba Jumapili moja tu. Kwanza nikamwomba msamaha. Amesema atakuja kwa sababu ya chapati, si kwa sababu yangu.

Jumapili, 18 Mei

Kibet alitoka kabla sijamwita. Amenyoa ndevu.

Sikuwa na kanuni yoyote mpya. Nilikuwa na chapati na hofu. Kabla sijafungua mdomo akavuta maharagwe yake, akasukuma mengine kwa Weldon, mengine kwa Wambui, yeye akabaki na matatu. Halafu akamwambia Wambui, "Mkuki pia. Niwekee."

"Nikikaa nao nautumia?"

"Maziwa ni yako. Mkuki ni wangu."

Weldon akapiga makofi. Yeye ni mtoto wa huku, alielewa mara moja. Wambui, amekulia huku lakini kwao ni Nyeri, ilibidi aelezwe, na Kibet ndiye aliyemweleza, mwenyewe, maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima.

Tukacheza. Kibet mikono mitupu, kwa hivyo kila kitu dadu. Mara ya kwanza akapata moja, akatumbukia mtoni. Mara ya pili moja tena, akapoteza suruali kwa mamba. Tulicheka mpaka Mama akaja kuchungulia. Wambui akamwokoa na mkuki. Weldon akamfunika na ngao. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, tukawa tunapigia kelele dadu. Ule mkuki haukuniharibia chochote leo. Ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine tu.

Halafu Wambui, wakati wa kuvaa koti, akasema, "Lakini sheria ya babu yenu nimeisikia yote. Mwenyewe huja kuangalia mali yake. Mkuki wako uko Roret, dukani kwangu. Mimi sitamtembezea mtu mkuki."

Nilitaka kumziba mdomo. Kibet alitazama maharagwe yake matatu, akaingia chumbani. Mlango akaurudisha taratibu, hakuufunga.

Jumanne, 20 Mei

Hakuna kitu. Mvua ya mawe imetoboa majani ya chai upande wa chini. Kibet kala chakula chote. Mimi namkasirikia Wambui bado. Ningoje nini sijui.

Jumatano, 21 Mei

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili. Gambuti za Kibet hazikuwa mlangoni. Nikaogopa.

Mama yuko jikoni, uso mkavu kama hakuna jambo. Kasema Kibet ameenda Roret tangu saa nane, kwa miguu. Mama mwenyewe alikuwa anachuma chai karibu na barabara, akaona na akasikia. Mzee jirani, yule aliyekuwa mweka hazina wa mchango wa karo, alimkuta Kibet pale pale getini. Akamuuliza lile swali, siku hizi uko wapi, kijana?

Na Kibet akamwamkua, akasema yuko hapa nyumbani, na sasa anaenda kuangalia mali yake.

Mzee akamwambia vizuri, akapita.

Mama amemfunikia ugali na sukuma kwenye meza. Mvua imekatika. Hajarudi bado.