Shemeji Anataka Nibebe Sakramenti ya Kanisa Lake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa mtu mwenye bahati kama mimi haombi ovyo: miaka mitatu nanunua jinzi viwandani Xintang, safari nne za Dar na Guangzhou, na forodhani hakuna mkono uliowahi kugusa begi langu, wananipisha kama balozi, na Watanzania wote wa soko la Zhanxi nimewasimulia. Sasa shemeji yangu, nimwite Abeli, mume wa dada yangu Felisia, zamani mwanakwaya kwetu Moshi, amekuwa Rasta na kufungua kanisa, na kanisa lenyewe ni chumba changu, kila Jumamosi waumini sita wamekalia marobota yangu wakipiga ngoma za plastiki za watoto walizonunua mtaa wa Yide Lu, na mimi niko kwenye ngazi namwambia mama mwenye nyumba kwa Kichina changu cha sokoni kwamba ni harusi, na hiyo ni harusi ya nane. Imani yao siigombi, nilipoumwa homa Abeli alinipikia uji siku tisa. Tatizo, sakramenti yao ni bangi, na bangi hawana, maana huku ukiiingiza unaweza kupigwa risasi, kwa hiyo wanapitishiana kiko kitupu, nikasema heri. Lakini mwezi ujao naenda Dar, na Abeli kaniwekea mkono kichwani mbele ya waumini, akasema, "Shemeji, Jah amewafumba macho watu wa forodha. Utatuletea kilo mbili." Nikamwambia naogopa. Akasema basi atamwagiza Felisia, anakuja Desemba, bahati yetu ni ya damu moja. Nifanyeje?

Mwenye Bahati, Guangzhou

BI. KALISTA ANAJIBU

Pole, ndugu yangu, ila na kukugombeza nitakugombeza. Kilo mbili hubebi, hata punje hubebi, na hilo hukuhitaji stempu kuniuliza. Usijifiche nyuma ya ushemeji. Mtu aliyekupikia uji siku tisa anakudai ukweli kabla ya adabu. Waumini hawakuiota hiyo bahati yako, wameisikia kwako, na sasa inataka kumpandisha dada yako ndege na kifo kwenye begi. Leo, kabla hujala, mpigie Felisia: asipokee mzigo wa mtu, hata wa mumewe. Jumamosi toka kwenye ngazi, ingia ndani, uwaeleze begi lako lilipitaje, safari moja moja. Kiko kitupu kimewatosha wiki nane, kitaendelea kuwatosha. Na huo ubalozi wako, mimi nimevuka mipaka mingi, una walakini.

FAKSI YA MWENYE BAHATI, SIKU KUMI BAADAYE

Felisia nimempigia, kanitukana mpaka kadi ikaisha, habebi kitu. Jumamosi nikaingia, ngoma zikanyamaza. Nikawaambia. Abeli akaniangalia sana, akasema, "Shem, ningemuua mke wangu." Halafu akanisogezea robota nikae. Mshauri, safari nne, nimepekuliwa mara nne. Ya pili walinivua mpaka soksi. Bahati ile nilijitungia.